Damu haijui kwamba upasuaji umekwisha

Swali ninaloulizwa zaidi mlangoni mwa wodi yetu ni moja: "Sista, imekwenda salama?" Mgonjwa ametoka chumba cha upasuaji muda si mrefu, aota yake imekatwa na kuunganishwa upya, madaktari wamesimama tangu asubuhi, na ndugu wamekaa kwenye benchi macho mekundu. Nawajibu ukweli: ndiyo, daktari amemaliza kazi yake salama. Halafu nawaambia jambo wasilolitegemea, kwamba usiku huu na wiki hii nzima tutakuwa tunashughulika na damu.

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, na wengi ninaowahudumia wametoka kupasuliwa moyo na mishipa mikubwa. Naandika haya kwa ajili ya familia zinazosubiri, na kwa wauguzi wadogo zangu wanaoanza kazi hii. Watu huelezwa vizuri habari za kisu na nyuzi. Habari za damu hupitiwa haraka, mara nyingi kwa sentensi moja tu: "anaweza kuvuja." Ni kweli anaweza. Lakini damu ileile iliyogoma kuganda usiku wa kwanza inaweza kuganda pasipotakiwa siku ya saba, na dawa iliyomvusha leo ikageuka kuwa ndiyo inayomdhuru. Kwa hiyo kila namba ya damu naisoma pamoja na saa na siku yake. Bila siku, namba hainiambii kitu.

Aota ni mshipa mkuu unaotoka moyoni. Hupanda kifuani, hukunja upinde ambako mishipa ya kichwa na mikono hutokea, hushuka sambamba na uti wa mgongo, hupenya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na usawa wa kitovu hugawanyika kuelekea miguuni. Sehemu inayopanda ikitanuka na kufikia takriban sentimita 5.5, kwa kawaida madaktari hushauri ibadilishwe kabla haijapasuka. Kwa wenye ugonjwa wa Marfan, ule wa kurithi unaodhoofisha tishu za mwili, hushauri mapema zaidi. Wengine hawapati nafasi ya kupanga. Ukuta wa ndani unachanika ghafla, damu inajipenyeza katikati ya tabaka zake, na mgonjwa anafikishwa akiwa na maumivu ya kifua au mgongo yasiyosemeka. Hao huja na damu iliyokwisha kuyumba kabla kisu hakijawagusa, kwa sababu damu iliyonaswa ndani ya ukuta ule inaganda muda wote na kumaliza akiba ya vigandishi, protini zinazoifanya damu igande, vya mwili mzima.

Kipande kilichokatwa hubadilishwa na mrija wa kitambaa cha Dacron. Daktari Michael DeBakey alishona mirija yake ya mwanzo kwa cherehani ya mke wake, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 2006, akiwa na miaka 97, yeye mwenyewe alipasuliwa aota kwa njia aliyochangia kuibuni, akakaa hospitalini miezi kadhaa, akarudi kwenye shughuli zake na kuishi hadi 2008. Huwa nawasimulia habari hiyo wagonjwa wanaokata tamaa kwa sababu wiki ya tatu imefika na bado wamelala. Mirija ya zamani ilikuwa na vitundu vingi, hivyo daktari aliilowesha kwanza kwa damu ya mgonjwa ili igande na kuviziba. Ya sasa huzibwa kiwandani kwa kolajeni au jelatini. Yanayobaki ni matundu ya sindano kwenye kila mshono, na kwenye aota mishono ni mingi.

Lakini kitambaa na mishono si chanzo kikubwa cha taabu ninayoiona. Chanzo ni safari ambayo damu imepitia.

Ili aota ikatwe karibu na moyo, moyo husimamishwa na kazi yake hushikwa na mashine ya moyo na mapafu, ile ambayo John Gibbon aliitumia kwa mafanikio Mei 1953 kule Philadelphia. Damu ikigusa plastiki hutaka kuganda papo hapo, kwa hiyo kwanza mgonjwa hupewa heparini nyingi, dawa ya kuzuia kuganda. Muda wa damu yake kuganda hupimwa palepale kitandani pa upasuaji. Kwa mtu wa kawaida hauzidi sana dakika mbili. Mashine haianzi mpaka ufike kama sekunde 400 hadi 480. Kisha damu inachanganyika na lita moja au zaidi ya maji yaliyojaza mirija ya mashine, na vigandishi vinazimuliwa. Inasukumwa na pampu, inafyonzwa kutoka kifuani na kurudishwa, na chembe sahani, zile zinazokimbilia jeraha kuliziba, zinachoka. Na kama upinde wa aota nao unabadilishwa, mgonjwa hupozwa, pengine hadi nyuzi 18, pengine 28, kutegemea mpango wa daktari, kisha mzunguko wa damu hukatizwa mwilini kwa muda ili mshono wa mwisho ufanyike pakavu. Baridi hiyo ndiyo inayolinda ubongo. Baridi hiyohiyo inalaza vigandishi, maana vigandishi vingi hufanya kazi kama vimeng'enya, navyo vinataka joto la mwili.

Mwishoni heparini huondolewa nguvu kwa protamini, dawa ambayo asili yake ni mbegu za kiume za samaki samoni. Huingizwa polepole kwa sababu wapo ambao presha yao huporomoka nayo, na hatari ni kubwa zaidi kwa wenye kisukari waliotumia aina za insulini zenye protamini ndani yake. Ikiwa kidogo, heparini hubaki kazini. Ikizidi, yenyewe huzuia damu kuganda. Tena ipo heparini inayojificha kwenye tishu na kurudi kwenye damu saa chache baadaye, wakati mgonjwa yuko tayari mikononi mwangu.

Ndiyo maana ninapopokea mgonjwa, nikishahakikisha anapumua na presha inasomeka, nashika miguu yake. Ikiwa baridi, blanketi la hewa moto linawekwa mara moja na dripu zote zinapitishwa kwenye kipasha joto. Mgonjwa mwenye joto la nyuzi 34 utammiminia plazima, yale maji ya damu yenye vigandishi, na damu itaendelea kuchuruzika. Naangalia na kipimo cha tindikali kwenye damu, kwa sababu damu yenye tindikali nyingi nayo haigandi inavyopaswa. Mambo haya mawili hayahitaji benki ya damu. Yanahitaji muuguzi aliye macho.

Kifuani ana mipira miwili au mitatu inayotoa damu iliyobaki ndani na kuipeleka kwenye chupa yenye alama za mililita. Kila saa nachora mstari kwa kalamu pale damu ilipofika na kuandika saa pembeni yake. Nafasi kati ya mstari na mstari ndiyo habari yenyewe. Wodi nyingi hushtuka ikizidi mililita 200 kwa saa kwa saa kadhaa mfululizo, au 400 ndani ya saa moja. Mimi huangalia mwelekeo. Mgonjwa aliyetoa 180, kisha 110, kisha 60, namwacha apumzike. Aliyetoa 60, kisha 90, kisha 140, nampigia daktari simu sasa hivi. Sisubiri ifike 200.

Swali linalofuata ndilo gumu: anavuja kwa sababu ya uzi au kwa sababu ya damu? Kama kuna tundu kwenye mshono, hata umpe chupa 20 hutalimaliza. Anarudi kwa daktari apigwe uzi. Kama damu yenyewe imeishiwa vigandishi, kumfungua tena ni kumwongezea jeraha. Kabla majibu ya maabara hayajafika, nainama na kuutazama mpira. Nikiona mabonge ndani yake, damu inaganda, na yawezekana kuna mahali panapotaka uzi. Nikiona damu nyembamba isiyo na bonge hata moja, na pale sindano zilipoingia shingoni na mkononi pananyevua damu bila kukoma, tatizo limo ndani ya damu. Mara nyingine ni yote mawili, na hapo ndipo daktari mpasuaji na daktari wa nusukaputi husimama miguuni pa kitanda wakijadiliana kwa sauti ya chini.

Siku hizi tuna mashine inayochora damu inavyoganda: inaanza lini, bonge linakaza kiasi gani, linaanza kuyeyuka lini. Mchoro wa mwanzo huonekana ndani ya dakika chache, haraka kuliko vipimo vya kawaida vya maabara. Umuhimu wake ni kwamba "damu" tunayosema mgonjwa apewe si kitu kimoja. Chembe nyekundu hubeba oksijeni, hazigandishi. Plazima ina vigandishi vingi, lakini hutunzwa imegandishwa kwa baridi na huchukua kama nusu saa kuyeyushwa, kwa hiyo mdogo wangu unayeanza, piga simu benki ya damu kabla hujaihitaji. Chembe sahani hazivumilii jokofu la kawaida. Huwekwa kwenye joto la chumba, nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa taratibu usiku na mchana, na muda wake ni siku tano hadi saba tu. Halafu kuna fibrinojeni, protini inayofumwa kuwa wavu unaonasa chembe zote na kufanya bonge liwe bonge. Mtu mzima huwa na gramu 2 hadi 4 kwa lita. Kwenye upasuaji wa aota hii mara nyingi huwa ya kwanza kupungua kupita kiasi, na mgonjwa anayevuja akiwa chini ya gramu 1.5 hupewa krayo, ile sehemu ya plazima iliyokusanya fibrinojeni nyingi, au unga wake uliosafishwa. Nimeona mipira iliyotiririka saa nzima ikitulia baada ya fibrinojeni peke yake, bila chupa nyingine ya plazima.

Wengi hupewa pia asidi ya traneksamiki, dawa iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, wakachapisha kazi yao mwaka 1962. Haigandishi damu. Inazuia bonge lililokwisha kuundwa lisiyeyushwe mapema. Kiasi kikubwa mno kinaweza kuleta degedege baada ya upasuaji, kwa hiyo hesabu yake huangaliwa kwa uzito wa mgonjwa na hali ya figo zake.

Ndugu mara nyingi huniuliza kwa nini tusimwongezee tu damu nyingi kama tahadhari. Nawaelewa, mtu anapoona mgonjwa wake amepauka, hamu yake ni moja. Lakini kila chupa ina gharama yake mwilini. Damu ya akiba huwekewa sitrati ili isigande, na sitrati inakamata kalsiamu. Mgonjwa akipewa chupa nyingi kwa haraka, kalsiamu inashuka, na bila kalsiamu damu haigandi na moyo unalegea. Kwa hiyo natuma kipimo cha kalsiamu mara kwa mara na kumwongezea. Chembe nyekundu hutoka kwenye jokofu, zikiingia bila kupashwa joto zinampoza upya. Mapafu yanaweza kujaa maji, au kukasirishwa na plazima ya mtu mwingine. Na tangu Karl Landsteiner aeleze makundi ya damu mwaka 1901, hatari ya kumpa mtu chupa isiyo ya kundi lake haijaondoka. Imedhibitiwa na macho ya watu wawili wanaosoma jina, namba na kundi kwa sauti kando ya kitanda, hata saa tisa usiku, hata mpira ukiwa unamwaga. Hapo sikubali kuharakishwa na mtu yeyote.

Presha nayo ni sehemu ya habari ya damu. Ikipanda sana, kila tundu la sindano linavuja na mshono unavutwa. Ikishuka sana, figo na uti wa mgongo vinakosa damu. Kwa aliyebadilishwa aota ya chini kifuani, mishipa midogo inayolisha uti wa mgongo huwa imeguswa, naye daktari mara nyingi humwekea mrija mwembamba mgongoni wa kupunguza maji ya uti ili damu ipite vizuri. Mrija ule hauwekwi wala hautolewi wakati damu haigandi, maana tone likivujia pale linaweza kubana uti na kumwacha mtu miguu haina nguvu. Kila saa namwambia, "Baba, nyanyua mguu. Na huu mwingine." Wanachoka na mimi. Naendelea kuwauliza.

Sasa nieleze jambo ambalo ndugu hulipokea kinyume kabisa.

Nakumbuka mama mmoja aliyebadilishwa aota inayopanda. Saa nne usiku mipira yake ilitoa mililita 120, saa tano 130, saa sita ikatoa 10. Binti yake alikuwa ameruhusiwa kuingia dakika chache. Akaitazama ile chupa, akanishika mkono, "Sista, imekatika! Mungu ni mwema." Mimi nilikuwa naangalia skrini. Presha ilikuwa imeteremka kutoka 115 hadi 92. Presha ya vena kuu, ambayo kwa mtu anayepoteza damu ingeshuka, ilikuwa imepanda kutoka 9 hadi 18. Mkojo wa saa ile haukufika mililita 15. Nikaufuata mpira kwa vidole tangu kwenye ngozi hadi kwenye chupa, na karibu na kiungo nikakuta bonge jeusi, gumu, limeuziba wote. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nisubiri nje kidogo, nitakuja kukueleza mwenyewe," na mkono mwingine ulikuwa tayari kwenye simu.

Damu haikuwa imekatika. Ilikosa njia ya kutoka, ikawa inajaa kuuzunguka moyo na kuubana usipate nafasi ya kujaa. Daktari alikuja mbio, akautazama kwa altrasaundi, na muda mfupi baadaye mama alikuwa amerudi chumba cha upasuaji. Waliondoa bonge lililojificha upande wa kulia wa moyo, wakapiga uzi mahali padogo palipokuwa panavuja, na presha ikapanda bonge lilipotolewa tu. Binti nilimkuta amesimama palepale nilipomwacha. Nilikaa naye nikamchorea moyo na mfuko wake nyuma ya karatasi, kwa sababu alistahili kuelewa kwa nini nilimtoa wakati anashukuru. Mama alitolewa mashine ya kupumulia kesho yake jioni.

Kwa hiyo mpira ukinyamaza taratibu, saa baada ya saa, ni heri. Ukinyamaza ghafla, nausogelea.

Siku mbili tatu zikipita bila kuvuja, hofu inageuka. Mgonjwa amelala, mwili mzima una uvimbe wa jeraha, vigandishi vimerudi na mara nyingine vimezidi, na sasa tunaogopa mabonge kwenye miguu, kwenye mapafu, kwenye ubongo. Tunaanza kumpa heparini kidogo ya kuzuia kuganda, tunamkalisha, tunamtembeza. Na hapa ndipo chembe sahani zinapotakiwa kusomwa kwa tarehe. Baada ya mashine ya moyo na mapafu karibu kila mtu chembe sahani zake hushuka, hata kufikia nusu, katika siku mbili tatu za mwanzo. Hilo tunalitarajia. Baadaye huanza kupanda. Zikishapanda kisha zikaanguka tena kati ya siku ya tano na ya kumi, sitarajii tena, nashuku heparini.

Mzee mmoja alinifundisha kutolichukulia jambo hili kwa wepesi. Chembe sahani zake, kwa hesabu ya maelfu katika kila maikrolita ya damu, kabla ya upasuaji zilikuwa 240, siku ya pili 110, siku ya tano 190. Siku ya saba asubuhi nilikuwa nambadilishia soksi, akaniambia bila hata kulalamika, "Mwanangu, mguu huu hauko nami." Nikaweka kiganja. Wa kushoto ulikuwa na joto. Wa kulia baridi kuanzia katikati ya muundi, na kucha zilikuwa na rangi ya majivu. Mapigo ya juu ya unyayo sikuyapata. Majibu ya damu ya asubuhi yalipofika yalisoma 74.

Kinachotokea ni hiki. Heparini inaposhikana na protini moja inayotoka kwenye chembe sahani, mwili wa baadhi ya watu hutengeneza kingamwili dhidi ya mshikamano huo. Kingamwili hizo huziamsha chembe sahani zote, zikaanza kugandisha damu ovyo. Hesabu inashuka kwa sababu zinatumika, wala si kwa sababu mgonjwa anavuja. Anaonekana kwenye karatasi kama mtu wa kuogopewa kutokwa damu, kumbe hatari yake ni mabonge. Akipewa chembe sahani bila kuvuja, unaweza kuuongezea moto kuni. Akianzishiwa mapema warfarini, kidonge cha kuzuia kuganda, anaweza kupoteza ngozi au hata mguu, maana katika siku za mwanzo warfarini hushusha pia protini zinazozuia kuganda. Na mtu aliyepewa heparini ndani ya miezi michache iliyopita anaweza kuanguka ndani ya siku moja, bila kungoja siku ya tano, jambo linalowapata wale wanaorudi kupasuliwa mara ya pili.

Kinachofanyika ni kuondoa heparini yote. Nasisitiza yote, kwa sababu watu huacha sindano ya chini ya ngozi wakasahau ile iliyomo kwenye mfuko wa kusafishia mrija wa ateri, ile ya kuzibia mirija ya kusafishia figo, na ile iliyopakwa kwenye baadhi ya mirija yenyewe. Nilikizunguka kitanda cha yule mzee nikisoma kila lebo. Daktari alimwanzishia agatrobani, dawa inayozuia kuganda kwa njia nyingine, damu ikatumwa kupimwa kingamwili, na madaktari wa mishipa wakatoa bonge lililoziba ateri ya mguu. Mguu ulipona. Kidole kidogo kilikauka, kikaondolewa baadaye. Kwenye jalada lake na kwenye kadi anayotembea nayo imeandikwa kwa herufi kubwa asipewe heparini, na nilimwomba aiseme mwenyewe kwa kila mtu atakayemsogelea na sindano, hata kama ni ya kusafishia dripu tu.

Kuna wagonjwa ambao habari yao ya damu huanza kwenye mfuko wa mkojo. Siku ya kwanza mkojo unaweza kuwa wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu chembe nyekundu zilipasuka kwenye pampu na mifyonzo, na himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, iliyomwagika inapita kwenye figo na kuzichosha. Mara nyingi husafika ndani ya siku moja au mbili. Mkojo ukibaki mweusi, au mtu akarudi baada ya miezi akiwa na manjano machoni na upungufu wa damu usioeleweka, madaktari hutazama kama mrija wa Dacron umejikunja, au kama kuna damu inayopita kwa nguvu kando ya vali bandia. Chembe zikipenyezwa mahali pembamba kwa kasi zinavunjika, na kuongezewa damu peke yake hakumalizi jambo hilo.

Wengi huondoka hospitalini wakiwa na himoglobini ya gramu 9 au 10 kwa desilita, chini ya kawaida, na nyumbani wanashtuka kuchoka kwa kupanda ngazi chache. Si lazima moyo uwe umeshindwa. Mwili unatengeneza chembe upya, na unahitaji wiki kadhaa na mara nyingi madini ya chuma. Ila kuchoka kunakoongezeka badala ya kupungua, au kinyesi cheusi kama lami, hakungojwi kliniki ijayo.

Waliobadilishwa mzizi wa aota pamoja na vali ya chuma, kwa njia ambayo madaktari Bentall na De Bono waliieleza mwaka 1968, watameza warfarini maisha yao yote. Kipimo chao, INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kwa vali ya aota kwa kawaida hutakiwa kati ya 2 na 3. Ndiyo sababu daktari huangalia kwanza kama vali ya mgonjwa mwenyewe inaweza kubakizwa, upasuaji ambao daktari Tirone David aliueleza mwaka 1992, hasa kwa vijana na kwa wanawake wanaotarajia kuzaa, maana warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Zile dawa mpya za kuzuia kuganda zisizohitaji vipimo hazifai kwa vali ya chuma. Mojawapo, dabigatrani, ilijaribiwa na majaribio yakasimamishwa kwa sababu mabonge na kuvuja vyote viliongezeka.

Nikikabidhi barua ya kuruhusiwa, nakaa nao juu ya dawa zaidi ya kitu kingine. Metronidazo na kotrimoksazo hupandisha INR ndani ya siku chache. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana, na ikiachwa, INR inaruka juu. Diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo la mtu ambaye damu yake haitaki kuganda. Mboga za majani hawaziachi, bali wanakula kiasi kilekile wiki hadi wiki. Wakianza dawa yoyote mpya, hata ya mitishamba, wapimwe INR ndani ya wiki hiyo. Na aliye kwenye warfarini akianguka na kugonga kichwa, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama anajisikia mzima na hakuna hata uvimbe, aseme anatumia warfarini kabla hajaulizwa, na asikubali kurudishwa nyumbani kabla daktari hajaamua kama apigwe picha ya kichwa.